Kuku Si wa Mgeni Peke Yake: Mazungumzo ya Katibu na Wanaushirika



Haya ndiyo maneno niliyoyasema siku ya mkutano pale ghalani. Wengi hamkufika kwa ajili ya mvua, na kamati imeagiza yaandikwe hapa ukutani. Anayesoma amsomee na mwenzake aliyesimama kando.

Naanza na swali. Katika nyumba zetu kuku anaingia chunguni lini? Nimeuliza darasani, nimeuliza kilabuni, jibu ni lile lile. Kuku anachinjwa akija mgeni, ikifika Noeli au Idi, au kideri kikibisha hodi, watu wanakimbilia kisu kabla hajafa mwenyewe. Siku nyingine zote anatembea kibanjani kama bwana shamba, anakagua migomba, jioni anarudi kulala. Anayemlisha ni mama na watoto. Anayemla ni mgeni na baba.

Ndugu wanakijiji, hili si jambo la kuchekea. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta katika Mkoa wetu wa Kagera watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30 katika 100. Yaani sisi wenye ndizi mwaka mzima, wenye ziwa, wenye mvua mara mbili, tumewapita wenzetu kwa udumavu! Ndizi inashibisha, hakuna anayebisha, na mimi mwenyewe bila ebitoke sijala. Lakini ndizi ni wanga na maji. Mtoto anahitaji na cha kumjenga mwili: maharage, dagaa, maziwa, yai, nyama ya kuku. Mambo haya wazee wetu waliyasikia redioni kwenye vikundi vya Chakula ni Uhai mwaka 1975, mkoa huu ungali unaitwa Ziwa Magharibi. Miaka imepita, kuku bado yuko uani anakagua migomba.

Sasa nije kwenye kazi tuliyoifanya. Darasa letu la watu wazima lilipata karatasi ya mapishi ya kuku kutoka mjini. Tukaisoma kwa zamu. Inataka siagi, inataka krimu, inataka pilipili manga, inataka tanuri la umeme la nyuzi 180. Watu walicheka mpaka mwalimu akafunga daftari. Mama mmoja akasema, "Hii ni barua ya kutukataza kuku." Lakini tulipoacha kucheka tukaanza kuuliza: siagi imewekwa ya nini? Ni mafuta tu, ili nyama isikauke. Basi tuna mafuta ya alizeti, na kuku mnene ana mafuta yake mwenyewe tumboni, yayeyushe. Krimu ya nini? Kufanya mchuzi uwe mzito. Basi tuna karanga. Tanuri la nini? Moto uje juu na chini. Basi tuna sufuria yenye mfuniko, weka mkaa kidogo chini na mwingine juu ya mfuniko, kama wanavyofanya wapika keki. Kila kitu katika mapishi kina kazi yake, kama viongozi (au kama viongozi wanavyotakiwa wawe). Ukiijua kazi, utapata mwingine wa kuifanya. Mapishi si sheria ya Bunge.

Wengine waliogopa kujaribu, na hofu yao ni ya haki. Kuku ni fedha. Kuku ni daftari la mtoto na chumvi ya mwezi. Nani atamharibu kwa kujifunza? Hapo ndipo ushirika ukatusaidia. Tulifanya hivi: kaya nne zinatoa kuku mmoja. Anachinjwa na ndugu Mwislamu ili wote tule bila wasiwasi. Anakatwa vipande 12. Hesabu yenyewe ni hii, na wanakisomo waliiandika ubaoni: mapaja 2, kila moja mara mbili, vipande 4. Vipapatio 2, jumla 6. Kidari vipande 4, jumla 10. Mgongo vipande 2, jumla 12. Gawa kwa kaya 4, kila kaya vipande 3. Shingo, firigisi, maini na miguu havimo katika hesabu hii, nitavirudia. Kila kaya inapika vipande vyake kwa njia yake, jioni tunakutana na kuonja. Chumvi ikizidi kwa mmoja, vimeharibika vipande 3, siyo kuku mzima.

Tena kila kaya ilipewa sharti: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha mafuta, na muda, na viungo, na kuni kwa siku moja, kikitoka kitamu hujui kilicholeta utamu. Kwenye daftari piga mistari upate safu tatu: nimetia nini, nimepika muda gani, waliokula walisemaje. Hiyo safu ya tatu waandikie watoto, wao hawana adabu ya kuficha.

Basi tulijifunza nini? La kwanza ni muda. Kuku wetu wa kienyeji siye yule wa karatasi. Yule wa kisasa wa nyama anaiva kwa dakika 40, unaweza kumtia pamoja na ndizi. Jogoo wa hapa ametembea sana huyu, anataka saa moja na nusu, na tembe mzee hata saa mbili. Ukimtia na ndizi pamoja, ndizi zitakuwa uji naye bado anavutana na meno. Kwa hiyo mchemshe kwanza peke yake na chumvi, kitunguu na tangawizi iliyopondwa, moto wa kadiri. Kipande kidogo cha papai bichi ndani ya sufuria kinamlainisha. Akilainika ndipo utie ndizi, zichemke kiasi cha nusu saa au zaidi kidogo. Nyanya na limao tia mwishoni. Kaya mbili zilitia limao mwanzoni kama karatasi ilivyosema, na ndizi zao ziligoma kuiva mpaka kuni zikaisha. Uchali unaikaza ndizi. Karatasi haikulijua hilo kwa sababu haikuwa na ndizi.

La kuni nalo tulilisema. Wako waliochemsha nusu saa, wakafunika sufuria vizuri na kuiweka ndani ya kapu lililoshindiliwa majani makavu ya mgomba, na blanketi juu. Baada ya saa mbili nyama imelainika bila moto. Ila kabla ya kula uirudishe jikoni ichemke tena.

Ya pili ni karanga. Watu wa pwani wanapika kuku wa nazi, na ni mtamu kweli. Hapa nazi inasafiri kutoka Tanga au Dar es Salaam, ikifika Muleba ina bei ya mgeni rasmi. Kikombe kimoja cha chai cha karanga kinatosha kuku mmoja: zikaange kidogo, zipepete maganda, zitwange mpaka zilainike, zikoroge na maji ya uvuguvugu. Mimina kuku akishaiva, siyo kabla, na usiondoke hapo. Koroga, moto mdogo, dakika 10 hadi 15. Karanga zikishika chini ya sufuria hakuna wa kukuokoa. Na jamani, karanga yenye ukungu usiseme "nitaikaanga itapona". Ina sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa moto. Tupa.

Ya tatu ndiyo iliyowafurahisha watu wote, kuku wa ndani ya jani. Wenzetu Waganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, wanaita luwombo, na inasimuliwa kwamba ilianzia katika jiko la Kabaka Mwanga mwaka 1887. Kumbe chombo cha kifalme kimelala kibanjani kwetu tunakipa mbuzi! Chagua jani changa lisilopasuka. Lipitishe juu ya moto taratibu mpaka lilegee. Chonga ule uti wa kati uwe mwembamba ili jani likunjike. Weka ndani kipande cha kuku aliyebabuliwa kwanza juu ya makaa, chumvi, kitunguu, nyanya na kijiko cha karanga zilizotwangwa. Funga kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria panga vijiti vya uti wa jani, tia maji yasiyogusa vifurushi, funika kwa majani mengine, acha mvuke ufanye kazi saa mbili. Maji yakipungua ongeza. Jani lisikatwe kwenye mgomba ulionyauka. Ugonjwa wa mnyauko uliingia mkoani kwetu mwaka 2006, tunajua ulivyotufilisi. Kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kipitishwe motoni kabla hakijagusa mwingine.

Sasa sikilizeni kwa nini nalisifu jani. Katika sufuria moja, mchuzi ukipakuliwa, mapaja yana njia yao, firigisi ina njia yake, tunazijua zote zinaelekea wapi. Anayebaki na shingo na maji ya mchuzi ni yule aliyepika. Lakini jani linafungwa mtu kwa mtu. Hili la baba, hili la mama, hili la Kaijage mdogo, hili la bibi asiye na meno. Kifurushi kikishafungwa hakuna wa kuingiza mkono. Tulivyopima siku ile, kwa mara ya kwanza wako akina mama waliokula kipande kizima cha kuku wakiwa wamekaa chini, siyo kusimama mlangoni.

Hapo mzee mmoja akasimama, mzee ninayemheshimu sana. Akasema, "Katibu, kwetu mwanamke hali kuku wala yai. Unataka kuvunja mila?" Mkutano ukanyamaza. Ni kweli, waitu. Mila hiyo ilikuwepo Buhaya, na bado wako mama zetu ambao kuku hawamgusi. Lakini nilimjibu kwa heshima kwamba senene nao walikuwa hivyo hivyo. Mama aliwakamata, akawanyonyoa mbawa usiku kucha, akawakaanga, baba akala. Leo Novemba ikifika nani anauliza bakuli la senene ni la mwanamume au la mwanamke? Wote wanatafuna, wajukuu wa mzee yule wakiwa mstari wa mbele. Mila ile iliondoka yenyewe na hakuna paa lililoanguka.

Tena mjamzito anajenga mtu mwingine mwilini mwake. Utamjengaje kwa ndizi na chumvi? Nilisema pia, na narudia kwa maandishi, hakuna atakayelazimishwa. Bibi asiyetaka kuku asichekwe, apewe samaki, dagaa au maharage, asikae na sahani kavu. Lakini kijana wa miaka 30 anayemkatalia mke wake paja kwa kisingizio cha mila, huku mila nyingine zote hazijui, huyo tusimwite mlinzi wa mila. Akina mama walipiga vigelegele, mzee alikaa, akasema atafikiri. Mwisho wa kuonja alipokea kifurushi chake, nilimwona anamkatia mjukuu wa kike kidogo. Mimi sikusema neno.

Nilisema nitavirudia vile visivyohesabiwa. Maini ya kuku, ndugu zangu, ni ya mtoto. Mtoto akitimiza miezi 6, anaendelea kunyonya, na huku anaanzishiwa chakula laini: ini moja lililoiva kabisa, lipondeponde pamoja na ndizi na mchuzi kidogo usio na pilipili. Ndilo lenye damu ya kumwongezea damu. Baba abaki na firigisi yake, hatujaja kumnyang'anya kila kitu. Shingo na miguu vichemshwe na maharage, mchuzi wake wa kesho.

Lakini hatutakula kuku tusiokuwa nao. Kideri kikipita kinafagia kijiji, na hakina dawa, kina chanjo tu: tone moja katika jicho moja la kila kuku, kila baada ya miezi 3, vifaranga kwa wakubwa. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo mtu mmoja kununua ni hasara. Tununue kwa mashina. Na kuku anayesinzia na kuharisha kijani asipelekwe jikoni wala mnadani, aitwe mtaalamu wa mifugo kwanza.

Mabalozi waandike idadi ya kuku katika kila nyumba na kuileta kwa mweka hazina wa ushirika kabla ya Jumapili, ili tujue chupa ngapi. Jumamosi inayofuata, saa 8 mchana, kuonja kwa pili ghalani. Safari hii ni zamu ya akina baba kupika, kaya nne kwa kuku mmoja kama kawaida. Kila mmoja aje na sufuria, majani yake ya mgomba na daftari lenye safu tatu.

Kidumu Chama.

Katibu wa Tawi