Manukato ya Matunda: Tuulize Kabla ya Kununua Mtambo
(Mazungumzo na kikundi cha akina mama, Sirisia)



Mara ya mwisho mlituuliza: je, tutoe pesa za kikundi tununue mtambo wa kutoa harufu ya karakara na mapera, ili tuuze sabuni na mafuta ya kujipaka? Tumelichunguza jambo hilo. Jibu letu ni hapana, na sababu ni hizi.

Mtambo wenyewe mnaujua, tusidanganyane. Ni ndugu ya ule wa chang'aa: maji yanachemka, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka. Hivyo ndivyo vikonyo na majani ya mkarafuu yanavyokenekwa karibu na Chake Chake, Pemba. Huko Komoro wanakeneka maua ya mlangilangi, na mafuta yake hununuliwa na watengenezaji manukato wa Ufaransa. Mimea hiyo ina mafuta ya kutosha. Karakara, embe, pera na ndizi hazina. Harufu yake ni kidogo mno, imo ndani ya nyama yenye maji, na moto huibadilisha. Chemsha gunia zima la mapera, utapata maji tu, na kuni zimekwisha.

Basi ile harufu ya ndizi kwenye sabuni ya duka yatoka wapi? Kiwandani. Hutengenezwa kwa asidi ya siki na aina ya alkoholi. Hatusemi ni mbaya, lakini haikutoka mgombani. Kwa hiyo anayewaletea kichupa akisema ni embe halisi, mwulizeni vizuri.

Matunda yenye mafuta ni jamii ya ndimu na machungwa, tena kwenye ganda. Kunja ganda la chungwa karibu na mshumaa, utaona cheche. Lakini angalieni: mafuta ya ganda la ndimu, ukijipaka kisha ukaenda kulima juani, ngozi yaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Msiyatie katika mafuta ya mtoto.

Ushauri wetu ni huu. Karakara na mapera tuyauze yakiwa matunda. Anayetaka sabuni yenye harufu aanze na mchaichai ulio nyuma ya nyumba, kwa kipimo kidogo, aone kama watu watanunua. Pesa za kikundi ni jasho la kila mmoja hapa. Zisigeuke mvuke.

Sasa tuko tayari kwa maswali.