Vanila Kiwanjani: Maneno kwa Wenye Viwanja wa Mikelenge



Leo nataka kuwaeleza habari za mmea mmoja upandao juu ya miti, wenye majani manene yasiyopukutika mwaka mzima. Tunda lake, likitengenezwa vema, hutoa harufu nzuri inayopendwa katika dunia yote. Jina la mmea huu ni vanila.

Watu huuliza maswali matatu. La kwanza: utaota katika viwanja vyetu? La pili: ule wenye majani ya marakaraka ni sawa na ule wa majani ya kijani matupu? La tatu: utatuletea fedha? Nitayajibu yote. Lakini kwanza shikeni neno moja. Vanila haitaki shamba kubwa wala nguvu nyingi. Inataka mkono mwepesi wa asubuhi, kisha subira ya miezi tisa, kisha subira nyingine ya miezi mitatu au minne. Mtu asiye na subira asiipande, maana atapata hasara yeye na jirani zake pia.

MMEA WENYEWE

Vanila ni wa jamaa ya maua yaitwayo okidi. Asili yake ni misitu ya Mexico na nchi zilizo karibu nayo. Shina lake ni kama kamba nene ya kijani, na katika kila kifundo hutoka jani moja na mzizi mdogo unaoshika mti.

Wawindaji wenu watasema: "Kamba ya namna hii tumeiona katika msitu wetu." Ni kweli, misitu ya Congo ina vanila zake za asili. Lakini matunda ya hizo hayana harufu ile itafutwayo na wafanya biashara. Kwa hiyo usiende msituni kukata kamba na kuipanda, ukingoje miaka mitatu bure. Tafuta vipande kwa mkulima ambaye vanila yake imekwisha kuzaa na kuuzwa. Upande wa Beni, na ng'ambo ya mpaka katika Uganda, wako wakulima wengi wa namna hiyo.

Je, itaota hapa? Vanila inapenda joto, mvua nyingi, kivuli kidogo, na kiangazi kifupi cha kuushtua mmea upate kutoa maua. Hapa Kindu, kwenye ukingo wa Lualaba, joto lipo na mvua ipo, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mvua hupungua. Basi hali ya nchi haikatai. Adui mkubwa hapa ni maji yanayotuama.

VANILA YA MARAKARAKA

Iko vanila ambayo majani yake yana mistari ya manjano au myeupe. Wengi huipenda kwa uzuri wake. Si mmea mwingine. Ni vanila ile ile, illa majani yake yamepungukiwa na rangi ya kijani. Sasa angalieni maana yake. Rangi ya kijani ndiyo inayopikia mmea chakula kwa nguvu za jua. Penye mstari mweupe hakuna jiko. Kwa hiyo vanila ya marakaraka hukua polepole kuliko nyingine.

Ukiipanda, ichungulie mara kwa mara. Pengine hutoka chipukizi la kijani kitupu. Hilo lina nguvu nyingi na litawashinda wenzake, hata marakaraka yote yapotee. Likate mapema, ulipande mahali pengine. Pengine hutoka chipukizi jeupe kabisa. Hilo haliwezi kujilisha, nalo likatwe.

Shauri langu ni hili: panda mmoja wa marakaraka karibu na baraza, upate kupamba nyumba na kufurahisha wageni. Lakini ile ya kutafutia fedha za minervali ya watoto, iwe ya kijani.

KUPANDA

Kwanza panda miti ya kuushikilia mmea, miezi sita au zaidi kabla ya vanila yenyewe. Mbono wa kaburi unafaa, na glirisidia inafaa. Acha nafasi ya meta mbili na nusu kati ya mti na mti. Miti hiyo iwe na majani mepesi, jua lipite nusu na nusu libaki juu. Jua kali huunguza vanila. Kivuli kizito huinyima maua.

Kipande cha kupanda kiwe na urefu wa meta moja hivi, chenye vifundo nane au zaidi, wala kisiwe na ugonjwa. Usikipande siku ile ile. Kitundike kivulini siku saba hata kumi na nne, kidonda chake kikauke. Kisha ondoa majani ya vifundo vitatu vya chini, ukilaze kipande juu ya udongo laini, ukifunike kwa udongo kidogo na majani yaliyooza. Ile ncha iliyokatwa iache nje, isizikwe, maana ikizikwa huoza. Sehemu ya juu ifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba, bila kukaza.

Mahali penye maji ya mvua yasiyotoka, inua tuta kwanza. Mizizi ya vanila hukaa juu juu, karibu na uso wa nchi. Kwa hiyo usilime kwa jembe karibu na shina; ng'oa majani mabaya kwa mkono, na kila mara ongeza majani makavu juu ya mizizi. Mizizi ikigeuka kuwa myeusi na kuoza, na shina likisinyaa, huo ni ugonjwa wa ukungu wa udongoni. Ng'oa mmea huo, uuchome moto, wala usipande vanila mahali pale tena. Kisu ulichokatia usikitumie kwa mmea mzima kabla ya kukipitisha motoni.

Kamba ikifika urefu wa mtu, irudishe chini na kuizungusha, isipande juu zaidi. Hii ina faida mbili: maua hutoka pale ilipopindwa, nawe utayafikia bila ngazi.

KAZI YA UA

Katika mwaka wa tatu, kama mambo ni mazuri, mmea hutoa maua. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa.

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na kabla ya saa sita mchana limekwisha kuanza kujifunga. Halirudi tena. Ndani yake upo utando mdogo kama ulimi, unaotenga unga wa dume na mahali pa jike. Katika nchi yake ya asili wako nyuki wanaojua kazi hiyo. Huku kwetu hawapo. Ua lisiposhikwa na mkono wa mtu, huanguka kesho yake bila tunda.

Zamani Wazungu waliichukua vanila mpaka nchi nyingi, ikaota, ikapendeza, lakini haikuzaa. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea huko Liège, katika Ubelgiji, jina lake Charles Morren, aliweza kuifanya izae kwa mkono. Lakini njia iliyofaa mashambani ilivumbuliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion, na kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili jina lake Edmond. Alitumia kijiti kidogo na kidole gumba. Alipopata uhuru mwaka 1848 akaitwa Edmond Albius. Kisiwa kile kilipata mali nyingi kwa akili yake, naye akafa maskini mwaka 1880. Mpaka leo, katika Madagascar, Uganda na Congo, watu hutumia njia yake ile ile.

Njia ni hii. Shika ua kwa mkono wa kushoto. Kwa kijiti chembamba kama mwiba wa mchungwa, pasua mdomo wa ua, upate kuona ndani. Inua ule utando kwa kijiti. Kisha kwa kidole gumba sukuma unga wa dume uguse mahali pa jike, uachie. Basi. Mtu aliyezoea hufunga maua elfu moja kwa asubuhi moja. Wamama na vijana wenye vidole vyepesi hujifunza upesi.

Kila kishada kina maua kumi na tano au zaidi, nayo hufunguka moja moja siku kwa siku. Kwa hiyo sharti kupita kila asubuhi kwa wiki kadhaa, hata Jumapili, hata siku ya msiba wa jirani. Tuma mtu mwingine ukiwa huwezi. Lakini usiyafunge yote. Manane au kumi kwa kishada yatosha. Ukiubebesha mmea matunda mengi, yatakuwa membamba, na mmea utachoka, pengine ufe.

SUBIRA YA MIEZI TISA

Tunda hufikia urefu wake wote katika miezi miwili hivi. Hapo lina sura ya kukomaa, lakini ndani ni bure. Ua lililofungwa mwezi wa Septemba, tunda lake litakomaa mwezi wa Juni. Dalili yake ni ncha ya chini kugeuka manjano. Chuma hayo tu, moja moja. Mengine yaache mpaka zamu yake.

Najua mambo yatakayotokea. Mwezi wa Januari mnunuzi atafika na fedha mkononi, nawe una mtoto aliyefukuzwa shuleni. Atasema: "Nipe hivyo hivyo, mabichi." Bei yake itakuwa ndogo sana, lakini si hiyo tu. Tunda bichi la miezi minne halina kitu cha kutoa harufu. Likichanganywa na mazuri, mzigo wote huharibika, na mnunuzi wa mbali atasema: "Vanila ya Maniema haifai." Jina baya la kijiji halifutwi kwa mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo serikali ya Uganda imekuwa ikitangaza siku ya kuanza kuchuma, na anayechuma kabla yake huvunja amri.

Jambo la pili ni wizi. Mwenye kiwanja akiogopa wezi huchuma mapema, na akichuma mapema amejiibia mwenyewe. Wakulima wa Madagascar huandika alama ya mwenyewe juu ya tunda bichi kwa ncha za sindano. Alama hiyo haitoki hata tunda likikauka. Wenye viwanja wa barabara moja mnaweza kupatana hivi: kila nyumba na alama yake, na siku moja ya kuchuma kwa wote. Mwizi atauza wapi tunda lenye alama ya jirani?

KUTENGENEZA

Tunda bichi halinukii. Harufu huzaliwa katika kutengeneza. Tia matunda katika maji ya moto ya digrii 63 hata 65 kwa dakika tatu, maji yasichemke. Kipimajoto ni chombo cha lazima. Wenye viwanja kumi wanaweza kununua kimoja. Yatoe, yafunge upesi katika blanketi zito ndani ya sanduku, yatoke jasho siku moja au mbili. Yatageuka kuwa kahawia. Kisha kila siku yaanike juani kwa saa chache juu ya blanketi, na yangali moto yafunge tena mpaka kesho, kwa muda wa wiki moja au mbili. Baada yake yakae kivulini penye hewa wiki kadhaa, mpaka yalainike kama ngozi. Mwisho yaweke ndani ya sanduku lenye karatasi safi miezi miwili au mitatu, ukiyakagua kila wiki. Lenye ukungu litoe mara moja. Kilo tano au sita za mabichi hutoa kilo moja iliyo tayari.

FEDHA

Sasa swali la tatu. Sitawadanganya. Bei ya vanila hupanda na kushuka kama maji ya Lualaba. Mwaka 2018 kilo moja iliyotengenezwa ilifikia dola 600 katika soko la dunia. Mwaka 2023 Madagascar iliondoa bei ya chini ya dola 250 iliyokuwa imewekwa, na bei ikaanguka vibaya. Mambo kama hayo yalikwisha kutokea baada ya mwaka 2004, na katika Uganda wengi waling'oa mimea yao kwa hasira. Tena, tangu mwaka 1874 wataalamu wa Ujerumani walijua kutengeneza harufu hiyo bila mmea, nayo ni rahisi sana kwa bei.

Kwa nini basi nawashauri? Kwa sababu vanila iliyokauka vema ni nyepesi, haiozi upesi, na mfuko mmoja mdogo hubeba thamani ya magunia mengi ya muhogo. Kwa mahali kama Kindu, ambapo barabara ni mbaya, hilo si jambo dogo. Itakwenda kwa baiskeli, kwa mtumbwi mpaka Ubundu, au kwa ndege, nayo yaweza kungoja bei.

Lakini usikate muhogo wako kwa ajili yake. Sombe na muhogo vitalisha watoto mwaka ambao bei imekufa. Anza na mimea kumi, kando ya ua wa nyumba au chini ya miti iliyopo. Tafuta habari za mnunuzi kabla ya kuongeza.

Wazee wenu wanakumbuka habari za pamba. Kwa sheria ya mwaka 1917 watu walilazimishwa kulima mazao ya kuuza, na aliyekataa aliadhibiwa. Vanila haiwezi kulimwa hivyo. Hakuna amri iwezayo kumwamsha mtu alfajiri kila siku aguse ua kwa upole. Huu ni mmea wa mwenye kiwanja anayependa kiwanja chake.

Mvumilivu hula mbivu. Mwenye kutaka vipande na aanze kwa kupanda miti ya kushikilia mvua hizi zikianza. Nawatakia kazi njema.