Kumwomba Profesa Barua ya Mapendekezo ya Kuhama Chuo: Mada kwa Wanafunzi wa Afrika Mashariki Walioko Vyuo vya Marekani



Nianze kwa kuwapunguzia baadhi yenu kazi. Anayetoka chuo cha jamii cha California akilenga University of California, kwa kawaida hadaiwi barua ya mapendekezo. Atapimwa kwa alama, masomo aliyomaliza na majibu yake ya maandishi. Kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kabla hujamsumbua mtu. Ninaozungumza nao hasa ni wenye safari ya Yale, Harvard na vyuo vya aina hiyo. Huko hutakiwa barua za walimu waliokufundisha chuoni, na kwa Yale na Harvard mlango hufungwa tarehe 1 Machi.

Ipigieni hesabu tarehe hiyo. Aliyeanza mwaka wa kwanza mwishoni mwa Agosti atakuwa amemaliza muhula mmoja tu. Mwalimu atakayeulizwa habari zake alimwona kwa wiki kumi na tano hivi, pengine akiwa kiti cha nyuma katika ukumbi wa watu mia tatu. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, hata wenye A tupu. Barua inayosema tu kwamba fulani alipata A haimwongezei kitu, maana hayo nakala ya matokeo imeshayasema.

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye. Shuleni, ofisi ya walimu uliiendea ukiitwa, na ukiitwa ulijua kuna jambo. Huku silabasi inataja siku na saa ambazo profesa hukaa ofisini kungoja wanafunzi, na mara nyingi hukaa peke yake. Nendeni mapema, wiki ya tatu au ya nne. Kwenda kusalimia tu hakutoshi. Chukua insha aliyokusahihisha, muulize kwa nini hoja ya pili haikumridhisha, iandike upya, kisha urudi nayo. Atakapoombwa barua atakuwa na kisa cha kusimulia: alikuwa hivi, nikamwambia vile, akafanya hivi.

Katika kuchagua, vyeo visiwababaishe. Mkuu wa idara asiyekujua atakuandikia mistari minne ya adabu. Mwalimu wa muda aliyesoma rasimu zako zote anakufaa zaidi. Ila katika vyuo vya jamii walimu wa aina hiyo ni wengi na huajiriwa kwa muhula, basi mwombe kabla hajaondoka na uchukue anwani ya barua pepe atakayoendelea kuitumia. Kama anayekujua ni msaidizi anayesahihisha kazi zako, muulize profesa iwapo wanaweza kuandika pamoja. Barua ya mchungaji, shehe au bosi wako ni ya nyongeza, kama chuo kinaipokea. Haishiki nafasi ya mwalimu.

Ombi lenyewe lifanye ana kwa ana, wiki nne au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho: "Profesa, unaona unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzuri?" Swali hilo linamwachia nafasi ya kukataa bila kuona haya. Akisitasita, mshukuru utafute mwingine. Akikubali, mtumie orodha ya vyuo na tarehe zake, kazi ulizomfanyia, na sababu ya kuhama. Kwetu mara nyingine utaambiwa uandike mwenyewe, yeye atie sahihi. Ukiambiwa hivyo hapa, mpe muhtasari wa kazi zako, barua aandike yeye. Mfumo wa maombi wa Common App humpelekea profesa mwaliko kwa barua pepe, naye huwasilisha barua yake bila kupitia kwako.

Fomu itakuuliza pia kama unaacha haki ya kuisoma barua hiyo, haki inayotokana na FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Ushauri wangu ni kuiacha haki hiyo. Msomaji huiamini zaidi barua ambayo mwombaji mwenyewe hakuikagua.

Kuna wanaoogopa kwamba profesa ataudhika kusikia wanaondoka. Wa chuo cha jamii hawezi kushangaa. Kuwaandaa watu kuhamia vyuo vya miaka minne ni sehemu ya kazi yake. Wa chuo cha miaka minne mweleze kwamba fani unayoitaka haipo hapo, kama ndivyo ilivyo, na usikiponde chuo chake: yeye bado anafundisha hapo.