Mwenda Tezi na Omo, Marejeo ni Ngamani

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, juu ya Kazi ya Muda Ng'ambo



Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia hutembea huku na huko juu ya chombo, lakini hatimaye hurudi pale panapokusanyika maji, akayateke, chombo kisizame. Mithali hii husemwa kwa furaha msafiri anapoagwa. Hata hivyo, yafaa kila chama kijiulize: je, msafiri akirudi, ngama ataikuta? Na je, ni nani aliyeandika kwamba nauli ya kumrudisha ipo?

Siku hizi si jambo geni mwanachama kupata kazi ya mwaka mmoja au miwili katika mji mkubwa wa ng'ambo: Muscat, Dubai, London, au kwingineko. Wengine hupelekwa na waajiri wao, wengine hujitafutia wenyewe. Wote huaga kwa maneno mamoja: "Ni kwa muda tu." Maneno hayo si mapya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita yalimhusu mtu wa Bagamoyo, na habari zake zina mafunzo kwa kila mwenye kutunza daftari.

Katika mwaka 1887 Wajerumani walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki. Humo walifundishwa maofisa, askari, wafanya biashara na wamisionari waliojitayarisha kwenda nchi za mbali, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizosomeshwa. Profesa Mjerumani alifundisha sarufi. Lakini matamshi, mazungumzo, na usomaji wa barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu vilihitaji mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo. Kwa hiyo chuo kikaajiri walimu kutoka Afrika ya Mashariki kwa mikataba ya muda. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake, zikachapishwa mwaka 1894. Mkataba wake ulipokwisha alirejea kwao. Huo ndio mwendo ambao kila msafiri huutazamia.

Mwaka 1900 akaenda Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtu huyu alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alikuwa mtu wa elimu ya dini na mjuzi wa desturi za pwani. Mji aliofikia ulikuwa na watu wapatao milioni moja na laki tisa. Mwaka 1902, naye akiwa huko, reli ya umeme ipitayo chini ya ardhi ilifunguliwa. Tena kuna majira ya baridi, ambayo kwa mtu wa Bagamoyo hayana mfano.

Kazi yake ilikuwa njema. Kwa kalamu yake na ya wenzake kilipatikana kitabu kikubwa kiitwacho "Desturi za Wasuaheli", kilichochapishwa mwaka 1903, ambacho wasomi hukitegemea hata leo. Lakini anayelitazama jalada la kitabu kile ataliona jina la Profesa Carl Velten, mkusanyaji na mhariri. Jina la Mtoro halimo jaladani. Yalipita miaka mingi mpaka mwaka 1981, kitabu kilipotolewa kwa tafsiri ya Kiingereza, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likaandikwa mbele ya msomaji.

Katibu mzoefu huyaelewa mambo haya upesi. Mkulima akileta gunia la kahawa au marobota ya pamba ghalani, naye asipewe stakabadhi yenye jina lake, basi mwisho wa msimu mzigo upo, lakini mwenyewe hayupo. Mali bila daftari huisha bila habari. Na kazi ya akili nayo ni mali.

Mwezi wa Oktoba 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Ndoa ilifungwa kwa sheria ya nchi ile. Hata hivyo iliwaudhi watu wa makoloni waliodai kwamba ndoa ya namna hiyo itashusha heshima ya mtu mweupe mbele ya watawaliwa. Chuoni nako palikuwa na mgogoro juu ya heshima aliyostahili kupewa mwalimu Mwafrika na wanafunzi wake. Mwaka 1905 kazi ikakoma.

Hapo Mtoro akafanya lile ambalo kila msafiri wa muda hukusudia: alipanda meli pamoja na mkewe kurudi nyumbani. Safari ilikuwa ndefu, kupitia mfereji wa Suez na Bahari ya Sham. Meli ikafika Afrika ya Mashariki. Minazi ya kwao ilikuwa mbele ya macho yake. Lakini serikali ya kikoloni, chini ya Gavana von Götzen, haikukubali mke yule ashuke pwani akaishi na mumewe. Mume hakumtupa mkewe. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Vita vya Maji Maji vilianza.

Yaliyofuata yalikuwa ni kuhangaikia riziki. Kuanzia 1909 hadi 1913 alifanya kazi ya kusaidia mafunzo ya lugha katika chuo cha makoloni mjini Hamburg, pamoja na Profesa Carl Meinhof. Baadaye alitembea akitoa mihadhara juu ya Afrika. Vita Kuu ya kwanza ikaja ikapita, na nchi yake ikatoka mikononi mwa Wajerumani ikawa chini ya Waingereza. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifariki Berlin mwaka 1927, miaka ishirini na saba baada ya kuondoka Bagamoyo kwa kazi ya muda.

Ndugu Makatibu, mtu aweza kusema: hayo yalikuwa ya wakoloni, nao wamekwisha kuondoka, chama cha msingi kina nini na mambo ya Berlin? Jawabu ni kwamba dhuluma ile haikuwa kosa la Mtoro, wala daftari peke yake lisingeweza kuizuia. Lakini habari zake zaonyesha milango ambayo msafiri hufungiwa. Milango mingine ipo mbali, mikononi mwa serikali na waajiri. Mingine ipo hapa hapa, na ufunguo wake unakaa katika meza ya katibu. Hiyo ndiyo inayopasa kushughulikiwa.

Jambo la kwanza ni mkataba. Mwanachama anayekwenda ng'ambo auonyeshe mkataba wake kwa mtu anayeielewa lugha yake kabla ya kutia sahihi. Atazame muda, mshahara, malazi, matibabu, na hasa nauli ya kurudi: ni nani atakayeilipa, na kwa sharti gani. Nakala moja ibaki kwa jamaa zake. Na ajue kwamba pasi ya kusafiria ni mali ya kushikwa na msafiri mwenyewe. Mwajiri anayeichukua na kuificha anafanya jambo ambalo Shirika la Kazi Duniani hulihesabu kuwa dalili ya kazi ya kulazimishwa.

Jambo la pili ni makabidhiano. Iwapo anayeondoka ni katibu, mtunza hazina au mjumbe wa kamati, asiondoke kwa kupeana mikono tu. Fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi, vitabu vya stakabadhi vikaguliwe namba kwa namba, funguo za kasha zikabidhiwe kwa maandishi, na benki ijulishwe kwamba sahihi yake imeondolewa. Chama ambacho hundi zake zangoja sahihi ya mtu aliyeko Muscat ni chama kilichofungwa, ingawa mlango wa ofisi u wazi. Tena makabidhiano humlinda anayeondoka kuliko anayebaki, maana asiyekuwapo ndiye husingiziwa kila upungufu.

Jambo la tatu ni deni na dhamana. Mwanachama mwenye mkopo aandike ni nani atakayelipa wakati hayupo, na kwa mapato gani. Vilevile, kama yeye ni mdhamini wa mwenzake, aseme wazi. Si haki mjane au mzee aliyebaki kijijini kudaiwa deni ambalo hakupata kulisikia.

Jambo la nne ni mrithi na mwakilishi. Jina la mrithi liwemo katika daftari la wanachama, nalo litazamwe upya kabla ya safari. Anayeachiwa shamba apewe barua inayosema kama anapeleka mazao kwa namba ya mwanachama au kwa namba yake mwenyewe. Ugomvi mwingi wa malipo hauanzi kwa wizi. Huanza kwa mambo yaliyosemwa kwa mdomo chini ya mwembe, na kila mmoja akayakumbuka kwa namna yake.

Jambo la tano, na ndilo kubwa, ni nafasi ya kurejea. Yako makatibu ambao msimu mmoja ukipita bila mwanachama kuleta mazao, huchukua kalamu nyekundu wakamfuta. Masharti ya chama yasomwe kwanza, na mwenyewe aandikiwe barua. Hisa zake ni zake. Aliye mbali si mfu, wala hakujiuzulu. Na akirudi hana kitu, kama wengi wanavyorudi, asipokelewe kwa kicheko. Maana wapo wanaoongeza mwaka juu ya mwaka katika miji ya watu si kwa kupenda, bali kwa kuona haya kurudi mikono mitupu.

Mtoro alifika mpaka akaiona pwani ya kwao, ila aliyeshika mlango hakumfungulia. Mlango wa chama cha ushirika umeshikwa na wanachama wenyewe. Daftari likitunzwa vyema, jina la aliyeondoka litakuwamo siku atakaporudi, pamoja na hisa zake, namba yake, na mahali pake pa kukaa katika mkutano mkuu.