Kuuza Nyumba na Kutengeneza ya Zamani: Lipi Litangulie?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Kangundo, Machakos)

Sisi ni mume na mke. Kamati ilituomba tuwaeleze jinsi tulivyouza nyumba tuliyoishi miaka 19 karibu na soko la Tala, na wakati huohuo tukatengeneza nyumba ya zamani ya wazazi huku juu mlimani. Hatukuja kama mawakili wala wajenzi. Tumekuja kama majirani, kwa sababu tunajua hapa ndani kuna jamaa wanaofikiria jambo kama hili. Mwingine karo imemlemea. Mwingine ana mama mzee anayeishi peke yake. Sisi tulikuwa na yote mawili.

Neno letu ni moja, na mkisahau mengine yote mlishike hili: pesa ya nyumba unayouza si yako mpaka mauzo yakamilike kisheria. Kwa hiyo, nyumba ya zamani iweze kukulaza kabla pesa hiyo haijafika. Anayetegemea pesa ya mnunuzi ili aezeke paa atakalohamia anaweza kujikuta hana nyumba ya kwanza wala ya pili. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kwanza: Nyumba ya zamani ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na halimhusu fundi. Nyumba yetu ya zamani ilijengwa mwaka wa 1968, na hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la baba, ambaye ameshafariki. Wengi wetu tuko hivyo, sivyo? Tunaishi kwenye mashamba yenye majina ya marehemu. Lakini ukitia simiti na mabati kwenye shamba ambalo halijagawanywa, umejenga kwenye mali ya watu wengi. Siku ndugu watakapokuja kudai, huwezi kubandua plasta ukaondoka nayo.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haibagui mtoto wa kiume na wa kike. Dada aliyeolewa naye ni mtoto wa marehemu. Tena mama mjane ana haki ya kuishi hapo na kutumia mali hiyo maisha yake. Kwa hiyo tuliita ndugu wote watano, pamoja na dada wawili walioolewa, tukaketi mbele ya mama. Tulikubaliana kwamba sehemu yenye nyumba itakuwa yetu, na mama atabaki na chumba chake mpaka mwisho wa maisha yake. Yote yaliandikwa na kila mmoja akatia sahihi. Chifu akatupa barua inayotaja warithi wote, tukaipeleka mahakamani. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Kazi nzima ilichukua miezi 14. Wakati huo wote hatukugusa jengo, isipokuwa kuziba pale palipovuja juu ya kitanda cha mama.

Kuna jirani aliyetucheka akisema tunapoteza wakati. Lakini leo hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi atuambie tutoke.

Pili: Ichunguze nyumba kabla ya kununua hata msumari

Tulikwenda na fundi mzee anayejua matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, kwa maana nyumba nyingi za wakati ule hazina simiti kati ya matofali. Tulitazama mambo manne.

1. Maji. Maji ya mvua yanakwenda wapi? Kwetu yalikuwa yakitoka kilimani na kusimama ukutani upande wa nyuma. Hakuna plasta inayoshinda maji yanayosimama. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba mtaro, na hiyo haikuhitaji pesa.

2. Nyufa. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini jua kwanza kama ufa umelala au bado unatembea. Pakaa simiti kidogo kukatiza ufa, andika tarehe, kisha ngoja mvua ipite. Simiti ikipasuka, ukuta bado unasogea na shida iko kwenye msingi. Isipopasuka, ziba ufa na uendelee.

3. Mchwa. Chukua bisibisi au kisu, dunga mbao za paa moja moja, hasa mwisho wake zinapokalia ukuta. Mbao inaweza kuonekana nzima kwa nje na ndani ni unga. Kwetu mbao tatu zilikuwa hivyo.

4. Mabati. Yenye kutu iliyotoboka yaondoke. Usiyatupe, yatafaa jikoni au kwenye banda la mbuzi.

Baada ya hapo ndipo fundi alipoandika hesabu. Juu ya hesabu yake tuliongeza shilingi 15 kwa kila 100, kwa sababu nyumba ya zamani haikosi siri. Ile nyongeza ndiyo iliyonunua mbao tatu badala ya zile za mchwa. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kila risiti ilibandikwa kwenye daftari, na mmoja wetu asiyeshika pesa ndiye aliyeshika daftari.

Tatu: Paa kabla ya mvua, rangi mwisho

Hapa Ukambani tunategemea sana mvua za Oktoba hadi Desemba. Tulihesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Mtaro ulichimbwa Julai, paa likawekwa Agosti, kuta na milango Septemba. Sakafu na rangi tuliziacha zingoje. Mtu anaweza kulala kwenye sakafu ya udongo, lakini hawezi kulala chini ya paa lililo wazi.

Pesa ilitoka wapi? Tuliuza ng'ombe dume mmoja, tukachukua mkopo wa chama chetu, na kazi ya mikono ikafanywa na mwethya. Wanachama walichimba mtaro, wakabeba mawe na mchanga wa mto, wakachanganya simiti. Tulilipa mafundi wawili tu. Sisi nasi tumefanya kazi kwenye nyumba zao. Bila mwethya, tungekuwa tumekimbilia pesa ya mnunuzi.

Mambo machache mtakayomwambia fundi. Misumari ya mabati hupigwa juu ya mgongo wa bati, wala si kwenye bonde ambako maji hupita. Plasta ya simiti ikipakwa moja kwa moja kwenye ukuta wa udongo hubanduka, kwa sababu udongo hujaa na kunywea. Kwangua kwanza viungo vya matofali, au pigilia waya wa kuku ushike plasta. Na sakafu ya simiti imwagiliwe maji siku saba. Simiti ikikauka haraka huwa dhaifu.

Tena msisahau mifereji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Mvua ikinyesha milimita 300 kwa msimu, hata ukipoteza sehemu ya tano, utakinga zaidi ya lita 11,000. Mama aliyechota maji mtoni miaka yote anajua maana ya hesabu hiyo.

Nne: Uuzaji wenyewe

Mnunuzi wa kwanza alikuja na broka, pesa taslimu kwenye bahasha na karatasi ya daftari. Alitaka tutie sahihi jioni ileile na tutoke mwisho wa mwezi. Pesa ilikuwa nyingi na karo ilikuwa inadaiwa. Tulikataa, na tutawaeleza sababu.

Ardhi yetu ya Tala ni shamba la kilimo, ekari moja na nyumba juu yake. Kwa shamba kama hilo sheria inataka kibali cha Bodi ya Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano kufanywa. Bila kibali, mauzo ni bure kabisa, na pesa iliyolipwa inaweza kudaiwa irudishwe kama deni. Tuchukue mfano. Nyumba inauzwa shilingi 2,000,000, nawe umepokea malipo ya kwanza ya shilingi 200,000. Umenunua mabati, yamepigwa misumari. Bodi ikikataa, mnunuzi anataka 200,000 zake. Je, utang'oa mabati? Ndipo watu huanza kuuza shamba la pili ili kulipa deni la la kwanza.

Jambo jingine ni la akina mama, na akina baba msikie pia. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013, katika ndoa ya mke mmoja, nyumba ya familia haiuzwi bila idhini ya wote wawili, hata kama hati ina jina la mume peke yake. Mama asitie kidole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. Na baba asimfiche mama akidhani anaharakisha mambo. Bodi nayo huuliza: mke yuko wapi, watoto watu wazima wanasemaje? Sisi tulikwenda wote, pamoja na kijana wetu mkubwa. Naye alikuwa ametuuliza nyumbani, "Sasa mimi nitaoa nirudi wapi?" Tulimjibu kabla ya kwenda bodi, si mbele ya bodi.

Mnunuzi tuliyekubaliana naye alikuwa wa tatu. Tulifanya hivi:

- Mapatano yaliandikwa na wakili, yakatiwa sahihi mbele ya mashahidi.
- Malipo ya kwanza yalikuwa sehemu ya kumi ya bei. Yalishikwa na wakili, wala hayakuingia mfukoni mwetu.
- Mauzo yakamilike kwa siku 90, na sisi tubaki ndani ya nyumba mpaka siku ya kukamilisha.
- Yaliandikwa yale yanayobaki na yanayokwenda. Tangi la maji libaki, miche ya parachichi tuondoke nayo. Mambo madogo kama haya ndiyo huleta ugomvi siku ya mwisho.
- Pesa iliyobaki ililipwa kupitia benki. Hatukuhesabu noti mezani.

Kuna kodi pia. Tangu Januari 2023, kodi ya faida ya kuuza mali ni shilingi 15 kwa kila 100 za faida. Lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka 3 kabla tu ya kuiuza imesamehewa. Kwa hiyo usihame mapema ukaipangisha bila kuuliza. Fikeni ofisi ya KRA kabla ya kutia sahihi.

Tano: Gawa pesa kabla haijafika

Pesa nyingi ikifika siku moja huleta ndugu usiowajua. Sisi tuliandika mgao miezi miwili mbele, mama na watoto wakisikia: kwanza mkopo wa chama, pili karo ya miaka iliyobaki iwekwe benki mahali pasipoguswa, tatu sakafu na tangi. Kilichobaki kikanunua ng'ombe wa maziwa. Hatukununua gari, na wapo waliotuuliza kwa nini.

Tulihama Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mvua ilikuwa imeshapiga paa wiki nyingi na hakuna tone lililoingia. Mama, ambaye mwanzoni aliogopa kwamba tunakuja kumtoa, sasa ndiye anayefungua bomba la tangi asubuhi na kugawia majirani maji.

Ndugu zetu, hatusemi kila mtu auze. Kwa wengine ni afadhali kubaki walipo na kuziba nyufa zao. Tunalosema ni kwamba mambo haya yana mpangilio: haki ya mahali, kisha paa, kisha sahihi, kisha pesa. Ukianza na pesa, utayafuata mengine ukikimbia.

Mkirudi vikundini mwenu, jadilianeni maswali haya:

1. Kati yetu, ni wangapi wanaoishi kwenye shamba lenye jina la marehemu? Kikundi kinaweza kusaidiaje waanze urithi?
2. Mwanachama akitaka kutengeneza paa, mwethya wetu unaweza kutoa siku ngapi za kazi?
3. Je, mke na mume wote wanajua hati ya shamba iko wapi?
4. Broka akija na bahasha leo jioni, utamjibu nini?

Mwenye swali asione haya, tuko hapa mpaka chai iishe.