KUPIMA KOMPRESHENI YA INJINI KUUKUU ZA BOTI
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wenye vyombo vya baharini)



Visiwani injini ya boti si pambo. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitali, mwalimu skuli ya kisiwa kidogo, na samaki sokoni kabla hawajaharibika. Injini nyingi zinazofanya kazi hiyo ni kuukuu. Zimepita mikono mingi na kufunguliwa na mafundi wengi. Hakuna aibu katika ukuukuu huo. Hatari ipo pale mwenye chombo anapoondoka pwani bila ya kujua nguvu iliyobaki ndani ya injini yake.

Hatari hiyo ina sura yake katika bahari hizi. Mkondo wa Pemba, unaokitenga kisiwa hicho na Tanzania Bara, una kina kinachopita mita 500 katika sehemu zake za kati. Nanga ya boti ndogo haifiki chini. Maji ya pwani hii nayo huvuta kuelekea kaskazini, na huvuta kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Kwa hivyo, boti iliyozimikiwa na injini mahali hapo haikai ikasubiri msaada, bali huchukuliwa. Nahodha mwenye tanga au makasia ana la kufanya. Asiye navyo hana ila kungoja.

Injini haifi bila ya dalili. Moja ya dalili zilizo wazi ni kupungua kwa kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa na mafuta ndani ya silinda pistoni inapopanda juu. Mgandamizo ukiwa mzuri, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo kwa nguvu. Ukivuja, injini huwa ngumu kuwaka, hutikisika ikienda polepole, hula petroli nyingi na huchoka inapobeba mzigo. Dalili hizo zinaweza pia kuletwa na kabureta chafu au plagi mbovu, na ndiyo maana kipimo kinahitajika. Kipimo huondoa dhana.

VIFAA NA MATAYARISHO

Kinachohitajika ni geji ya kompresheni yenye ncha inayolingana na hesi za tundu la plagi, spana ya plagi, kitambaa safi, na daftari na kalamu. Maelezo haya yanahusu zaidi injini ndogo za petroli zinazopachikwa nyuma ya boti, hasa zile za mipigo miwili, ambazo petroli yake huchanganywa na oili.

Kazi ifanywe pahala penye hewa ya kutosha, mbali na moto na sigara, kwa utaratibu ufuatao:

1. Injini iwashwe kwa dakika chache ikiwa ndani ya pipa la maji, ili chuma kipate joto lake la kazi. Isiwashwe kavu hata kidogo, kwani mpira wa pampu ya maji huungua kwa muda mfupi sana. Kisha izimwe, na iachwe ipoe kiasi cha plagi kuweza kufunguliwa bila ya kuunguza mikono.

2. Mpira wa petroli utolewe, na kamba ya usalama ya kuzimia injini ichomolewe. Nyaya za plagi zitiwe alama, ziondolewe, na zifungwe zigusane na chuma cha injini mbali na matundu ya plagi. Sababu ni mbili: cheche iliyo karibu na mvuke wa petroli inaweza kuleta moto, na baadhi ya mifumo ya umeme huharibika waya ukiachwa ukining'inia.

3. Pembezoni mwa plagi pafutwe mchanga na chumvi, kisha plagi zote zifunguliwe. Kila moja iangaliwe na iwekwe kwa mpangilio wa silinda yake. Plagi yenye matone ya maji inaeleza kuwa maji ya bahari yameshapata njia ya kuingia ndani.

4. Gia iwe katika hali ya wazi, na mkono wa mafuta ufunguliwe kadiri unavyokwenda, ili hewa iingie kwa wingi. Hali hiyo isibadilishwe hadi silinda zote zimalizike kupimwa.

5. Geji ifungwe kwa mkono katika silinda ya kwanza. Kamba ya kuwashia ivutwe kwa nguvu mara tano au sita, mpaka sindano isipande tena. Tarakimu iandikwe papo hapo. Silinda inayofuata ipimwe vivyo hivyo, na mtu yule yule, kwa idadi ile ile ya mivuto. Mvutaji akibadilika, hata kipimo hubadilika.

KUSOMA MATOKEO

Injini nyingi ndogo za mipigo miwili husoma takriban kati ya pauni 90 na 130 kwa inchi ya mraba. Hata hivyo, kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho, na geji mbili za bei nafuu zinaweza kutofautiana. Jambo la kuzingatia zaidi kuliko tarakimu yenyewe ni tofauti baina ya silinda na silinda. Tofauti isiyozidi asilimia 10 ni ya kuridhisha. Ikikaribia asilimia 15, sababu itafutwe. Ikipita hapo, chombo kisivuke mkondo.

Kwa mfano, injini yenye silinda mbili ikisoma 112 na 104, tofauti ni kama asilimia 7, na injini hiyo inaweza kuendelea na kazi. Ikisoma 112 na 84, tofauti ni asilimia 25. Injini hiyo huenda ikawaka vizuri pwani asubuhi, penye maji matulivu, na huenda hata ikakimbia. Lakini kazi inayostahiki kufanywa na silinda mbili inabebwa zaidi na moja, na hiyo moja nayo haitadumu.

Silinda iliyo chini itiwe oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, injini izungushwe kidogo, na kipimo kirejewe. Tarakimu ikipanda sana, inaelekea kuwa ringi za pistoni au ukuta wa silinda umekwisha, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, gasketi ya kichwa cha silinda au pistoni iliyotoboka ishukiwe. Na katika injini za mipigo minne, valvu zisizofunga sawasawa. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi iliyo baina yao ndiyo iliyoungua.

Silinda zote zikisoma chini, fundi asikimbilie kufungua injini. Kwanza ahakikishe kuwa mkono wa mafuta ulifunguliwa, kwamba kamba ilivutwa kwa kasi, na kwamba geji yenyewe ni nzima. Aidha, kipimo kilicho juu kuliko kawaida si sifa. Mara nyingi ni masizi yaliyoganda juu ya pistoni na kupunguza nafasi.

TAHADHARI KWA INJINI ZA DIZELI

Geji ya petroli isitumike kamwe katika injini ya dizeli. Mgandamizo wa dizeli kwa kawaida hupita pauni 300, nao unaweza kuipasua geji hiyo na kumjeruhi aliyeishika. Vilevile oili isimiminwe ovyo ndani ya silinda zake, kwani nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na oili haigandamiziki; kinachopinda ni chuma. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye geji yake na mwenye kuijua.

WAJIBU WA WATUMISHI

Suala hili linawahusu pia watumishi wa ofisi zenye boti za umma. Si jambo geni fundi kuandika kwamba injini imechoka na inahitaji kufunguliwa yote, na ofisi ikalipa, ilhali maradhi yalikuwa ni kabureta iliyojaa uchafu. Wala si jambo geni kinyume chake: plagi mpya zikanunuliwa mara tatu kwa injini ambayo ringi zake zimekwisha. Katika hali zote mbili fedha za wananchi hupotea, na boti hubaki juu ya mchanga huku wagonjwa wakisubiri.

Hivyo basi, afisa anayetakiwa kuidhinisha matengenezo makubwa ya injini anapaswa kuuliza jambo moja kabla ya kutia saini: silinda zilisoma ngapi kila moja, kabla na baada ya kutiwa oili? Fundi aliyepima hatashindwa kujibu. Afisa anayepokea injini iliyotengenezwa naye adai kipimo kipya, kiwekwe katika jalada pamoja na hati ya malipo. Mwananchi anayenunua injini iliyotumika ana haki ya kudai hayo hayo kabla ya kutoa fedha zake.

DAFTARI LA CHOMBO

Kipimo kimoja hueleza hali ya siku moja. Vipimo vilivyoandikwa kila baada ya miezi mitatu hueleza mwendo. Injini iliyosoma 112 na 110, kisha 105 na 102, kisha 96 na 94, haina tofauti kubwa baina ya silinda zake, lakini inazeeka, na mwenyewe anaona mapema kwamba ni wakati wa kuweka akiba ya matengenezo. Asiyeandika atayajua hayo siku ambayo kamba itavutwa mara 30 bila ya injini kuitika.

Wenye vyombo wanaombwa kufanya kipimo hiki chombo kikiwa pwani, hususan kabla ya kusi kuanza. Muda unaotumika haufiki saa moja. Hata injini iliyopimwa na kuonekana nzima isiondoke bila ya makasia au tanga, maji ya kunywa na njia ya kuita msaada, kwani kipimo hupunguza hatari, hakiimalizi. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Na kwa msafiri wa baharini, kinga hiyo hufanywa angali mchangani.