Roketi Iliyoondokea Kariakoo

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, ndani ya bwalo la shule. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu mliokalia madawati haya yalipokuwa bado na mifuniko, nanyi vijana mliolazimishwa kukaa mbele:

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mwandishi mashuhuri. Namshukuru, lakini niseme kweli mapema. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa karani wa bohari, na mshahara wa bohari ndio uliosomesha watoto wangu. Uandishi niliufanya usiku, kwenye meza ya kulia chakula, Mtaa wa Narung'ombe, na umeme ulipokatika niliwasha chemli. Nimeandika hadithi za ngumi, za mapenzi, na za vyombo vya kwenda angani. Mara nyingi yote matatu katika kitabu kimoja.

Ugonjwa huu niliupatia hapa hapa shuleni. Mwaka wa 1974, nikiwa Kidato cha Nne, mwalimu mmoja alininyang'anya Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka huo huo, nikikisoma chini ya dawati. Siku ya tatu nilimwona anakisoma mwenyewe, amekificha ndani ya daftari la mahudhurio. Hakunirudishia, nami sikumdai. Nilikwisha kuelewa kwamba kitabu kinachomfanya mtu mzima ajifiche si cha kudharauliwa, hata kama siku ya mtihani kinaitwa cha ovyo.

Wakubwa wetu katika kazi hii walikuwapo. Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo tangu 1965. Musiba alikuwa na Willy Gamba wake, na baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Sikuwa rafiki yao. Nilikuwa msomaji wao. Ila wao walikuwa na bastola na magari, nami nilitaka kitu kiendacho mbali zaidi ya gari.

Nirudi nyuma kidogo. Julai 1969 Wamarekani walipokanyaga mwezini, sisi wa Bara hatukuwa na televisheni. Ilitufikia mwaka wa 1994. Tuliisikia safari ile kwa redio, kwenye baraza la kahawa, watu wamesimama mpaka barabarani. Mtangazaji alipomaliza, mzee mmoja muuza kahawa akatikisa vikombe vyake akasema, "Haya, kwenda wamekwenda. Kurudi je?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Swali lile limekuwa kazi yangu ya maisha, kama mtakavyoona.

Halafu likaja soko. Ninyi vijana mmelizoea, lakini sisi tulilitazama likiota kutoka ardhini tangu 1971. Aliyelichora ni Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Paa lake ni faneli kubwa za zege zilizosimama juu ya nguzo, kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, na kazi yake ni kukinga maji ya mvua na kuyateremsha mpaka kwenye tangi chini ya ardhi. Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 8 Desemba 1975. Wengine waliona soko. Mimi, kijana wa miaka kumi na minane niliyetoka kuangalia picha za sinema pale Avalon, nilisema moyoni: hapa ndipo roketi itakapoondokea. Faneli zile zitakinga moto badala ya mvua, na kule chini shimoni, chini ya magunia ya viazi, ndiko mafundi watakakojificha.

Nikaandika. Mchapishaji wa kwanza niliyempelekea mswada, ambaye simtaji maana watoto wake wapo hapa mjini, alinikalisha vizuri, akaniagizia chai, akasema, "Kijana, hadithi tamu. Lakini nani atakubali kuwa roketi imetoka Kariakoo? Ipeleke Marekani, umtie na Mmarekani." Nilitoka na mswada wangu kwapani, nimevimba kwa hasira. Baada ya wiki mbili nilirudi na jibu, na jibu hilo nataka wanafunzi wa fizikia mlisikie vizuri.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba chombo cha Wamarekani, na chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na kilifanya kazi mpaka Machi 1973. Kwa nini Malindi? Kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta inazunguka kwa zaidi ya kilometa 1,600 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo inapewa mwendo huo bure kabla haijachoma tone la mafuta. Tena upande wa mashariki ni bahari tupu, hata kikidondoka kipande hakimwangukii mtu. Sasa niambieni, Dar es Salaam ina kasoro gani? Iko kusini ya ikweta kwa nyuzi kama saba tu, na mashariki yake ni bahari.

Na kama ni kuamini, Shaaban Robert alikwisha kuiweka nchi nzima angani. Kusadikika kilitoka mwaka wa 1951, miaka sita kabla Warusi hawajarusha Sputnik. Sisi tuliosomeshwa kitabu kile darasani hatukumwuliza nchi ile imeshikiliwa na nini. Mchapishaji alinisikiliza, akanywa chai yake, akasema, "Basi iache hapo hapo Kariakoo. Lakini ongeza mapenzi."

Mapenzi ndiyo yaliyonishinda. Katika kitabu changu cha kwanza, cha mwaka wa 1978, rubani wangu, fundi redio wa Mtaa wa Aggrey, alikwenda sayari ya Mirihi kwa usiku mmoja kama mtu aliyepanda basi la Tanga. Alifika, akapiga watu ngumi, akambusu msichana, akarudi. Nikapata barua ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kutoka mkoani. Aliandika kwa adabu sana: "Mheshimiwa Mwandishi, safari ya Mirihi huchukua kama miezi saba, na nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana mara moja kwa kila miezi ishirini na sita. Nimeona nikuarifu."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Jumamosi ile ile nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, nikaendelea kwenda kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Humo ndimo nilimogundua kwamba nilikuwa nikihangaika bure kutafuta majambazi wa kuwatenganisha wapendanao. Anga lenyewe linatosha. Chukueni neno moja, "nakupenda". Likitumwa kwa redio kutoka Mirihi linasafiri kwa mwendo wa mwanga, na bado linachukua dakika tatu sayari zikiwa karibu, au dakika ishirini na mbili zikiwa mbali. Jibu nalo vivyo hivyo. Msichana anasema neno lake, kisha anangoja zaidi ya dakika arobaini ajue kama amekubaliwa. Niliandika kurasa tisa za dakika hizo arobaini. Hakuna risasi ndani yake, hakuna ngumi, na ndizo kurasa ambazo watu walinisimamisha barabarani kunieleza habari zake.

Ngumi nazo ilibidi nizifundishe upya. Mirihi mtu wa kilo sitini angesimama kwenye mizani yetu ikasoma kama ishirini na tatu. Ukimpiga, anaruka mbali na kuanguka polepole. Nilijaribu kuigiza mwenyewe mbele ya kioo, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa, ambalo sijalisema hadharani.

Kitabu changu cha pili kilikuwa cha kurasa 96. Rubani na mpenzi wake, fundi mitambo, wanakwenda Mirihi pamoja. Jina la msichana huyo silitaji, maana mke wangu amekaa mstari wa tatu na si jina lake. Mambo yanaharibika, mafuta yanabaki ya mtu mmoja, rubani anaondoka kuja kuleta mengine, na katika kurasa 32 za mwisho anarudi kumchukua. Ulikuwa mwaka wa 1982. Karatasi ilikuwa adimu, sukari adimu, sabuni adimu. Mchapishaji, ambaye si yule wa chai, akasema karatasi aliyonayo inatosha kurasa 64, basi. Akakata pale pale rubani anapoondoka. Akaandika "Mwisho".

Ningeweza kukataa. Mswada ulikuwa wangu na mkono wa kutia sahihi ulikuwa wangu. Lakini fedha hakuwa nayo. Alikuwa na sabuni, na mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua. Nepi hazifuliwi kwa sifa za mwandishi. Nilitia sahihi, nikapewa katoni nne za sabuni ya mche. Hivyo ndivyo nilivyomwacha yule binti Mirihi.

Sabuni yenyewe haikukaa. Machi 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, mtu akikutwa na katoni nne uvunguni mwa kitanda angeeleza nini? Kwamba ni malipo ya kitabu cha roketi? Usiku niliazima mkokoteni, nikaisukuma sabuni yangu mpaka Jangwani nikaitupa bonde la Msimbazi, moyo unadunda kuliko moyo wa shujaa yeyote niliyepata kumwandika. Nilibakiza miche miwili. Asubuhi watoto wa Jangwani walikuwa wasafi kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa wasomaji. Pale sokoni palikuwa na mama mmoja wa mboga. Hakujua kusoma, mwanawe alimsomea jioni, kurasa chache chache. Wiki kitabu kilipotoka nilikwenda kununua mchicha kama kawaida yangu. Akanitazama, akafunika fungu lake kwa kanga. "Baba," akasema, "umemwacha mtoto wa watu peke yake huko, halafu unakuja kununua mchicha?" Nikamweleza habari za karatasi. Akasema, "Karatasi si yake. Kamlete kwanza." Mwezi mzima hakuniuzia. Baadaye aliniuzia, lakini kila siku aliuliza, "Ameshafika?" Nami nikajibu, "Bado, mama." Tuliendelea hivyo kwa miaka kumi na mitatu, mpaka alipofariki.

Sikuwa nadanganya. Zile kurasa 32 zilibaki kwa mchapishaji, nami sikuwa na nakala, maana karatasi ya kaboni nayo haikupatikana. Akafunga duka, zikapotea. Mara mbili nilijaribu kuandika upya, mara mbili nikaacha. Niliandika vitabu vingine saba. Katama Mkangi wa Kenya alipotoa Walenisi mwaka wa 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa chomboni na kurushwa angani, nilikisoma kwa siku mbili, na wivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko furaha. Yeye hakumwachia mchapishaji akate.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likawaka. Nilisimama Mtaa wa Swahili na wenzangu, tukitazama moto chini ya zile faneli. Nilikuwa nimeuandika moto huo miaka arobaini na zaidi iliyopita, nikauona mzuri. Usiku ule palikuwa na wanawake wanalia kwa sababu mali yao yote ilikuwa ndani. Asubuhi nilinunua kaunta buku la kurasa mia mbili, nikaanza: binti yupo Mirihi, miaka imepita, anaangalia mbingu.

Miaka imempitia kweli, maana nimekataa kumrudisha akiwa msichana. Ana umri wangu sasa. Mchapishaji kijana niliyemwonyesha sura tatu ameniambia mapenzi ya wazee hayauziki. Huenda. Nami sikuuza vizuri hata nilipoandika ya vijana.

Nimefika sura ya kumi na moja na nimekwama kwenye swali la mzee wa kahawa. Kurudi je? Nimesoma kwamba Aprili 2021, miezi mitatu kabla ya moto wetu, Wamarekani walitengeneza oksijeni huko huko Mirihi kutokana na hewa ya sayari ile, kwa mashine ndogo iliyochukuliwa na gari lao liitwalo Perseverance. Mara ya kwanza walipata kama gramu tano. Ilipofanya vizuri kabisa ilifikia gramu kumi na mbili kwa saa. Na wataalamu wao wanakisia kwamba kuwainua watu wanne kutoka Mirihi kunahitaji oksijeni kama tani ishirini na tano, mbali ya mafuta yenyewe. Wangu ni mmoja tu, na amekonda.

Nimepiga hesabu: kwa tani hizo zote, ndani ya miezi ishirini na sita, nimepata mashine kama mia moja na kumi. Lakini mimi hesabu nilipata D, na aliyenipa D hiyo yupo hapa, namwona anacheka. Sitaki barua nyingine ya adabu kutoka Kidato cha Tatu. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayeweza kuikagua hesabu hii, na kunionyesha mtu mmoja mwembamba anahitaji tani ngapi, mapumziko ya chai nitakuwa chini ya mwembe karibu na maabara. Kaunta buku ninalo, na kalamu ninayo.